Mbio za Vidonge Nyumbani Kwetu

Sauti ninayoikumbuka vizuri kuliko zote ni ya kikohozi. Si kikohozi cha ugonjwa. Ni kile cha adabu, ambacho mtu hukitoa akiwa nje ya lango ili wenye nyumba wajue kuna mgeni. "Khe-khemm." Halafu kimya. Halafu kingine kizito, cha mwanamume aliyevuta tumbaku maisha yake yote. Halafu chembamba, cha mama fulani. Jumapili mchana, watu wakishatoka kanisani na kula, ua wetu wa miiba ya kaiyaba ulikuwa unakohoa kutoka pembe moja hadi nyingine.

"Wagonjwa wako wamefika," nilimwambia dada yangu.

"Waambie sipo."

"Wamekuona kanisani. Na ile kofia yako nani hajaiona?"

Dada alijifunika uso kwa kitambaa cha kupangusia vyombo. Mimi nilikuwa tayari nimefunga aproni safi, maana hospitali isiyo na msaidizi si hospitali, nikatoka nje kuwapanga foleni.

Shida ilikuwa moja tu: dada yangu hakuwa daktari. Alikuwa amesomea kemia chuo kikuu, miaka mingi kuliko alivyotarajia, kwa sababu siku hizo chuo kilifungwa na kufunguliwa kama duka la mtu mlevi. Wanafunzi wakigoma, anarudi kwetu Tetu na sanduku lake, anachuma chai na sisi mpaka redio iseme warudi. Lakini kabla hajaenda mara ya kwanza, kijiji kizima kilikuwa kimemfanyia harambee. Kuku mmoja mwekundu aliuzwa kwenye mnada, aliyemnunua akamrudisha, akauzwa tena, akarudishwa tena, mpaka kuku mwenyewe akazoea na kuanza kutembea kwenda mezani bila kushikwa. Na mwenyekiti wa harambee, mzee aliyewahi kuendesha lori na ambaye mpaka leo huongea kama anashindana na injini, alishika kipaza sauti akasema, "Leo tunapeleka daktari wetu!"

Dada hakuwa amesema neno daktari. Alikuwa amesema sayansi. Lakini kwetu sayansi ilikuwa na watoto wawili tu, mwalimu na daktari, na kwa vile alikuwa amesema hataki ualimu, watu wakafanya hesabu wenyewe.

Basi akarudi na digrii, na kikohozi kikaanza langoni.

Dada alikuwa na jibu moja kwa wote: "Enda hospitali." Mwenye mgongo, enda hospitali. Mwenye jino, enda hospitali. Nilijaribu kulinogesha. Nilikuwa nawashika mkono kwanza, natazama angani kama nahesabu mapigo ya moyo, kisha nasema, "Daktari atakuona." Wakitoka nilikuwa nawaongezea, "Na unywe maji mengi." Wengi walinishukuru mimi kuliko yeye.

"Huyu ni daktari wa aina gani," alinung'unika Cucu, nyanya wa jirani ambaye sisi sote tulimwita Cucu ingawa hakuwa wetu, "kila mtu anamtuma kwa daktari mwingine?"

Jumapili moja mtu alikuja na ng'ombe. Dada alitoka, akamtazama ng'ombe, ng'ombe akamtazama, dada akarudi ndani. Nilimwambia mwenye ng'ombe ampe maji mengi.

Tulikuwa tukicheka, lakini dada hakuwa na amani. Siku moja jioni, tukimenya viazi vya kuponda mukimo, aliniambia kilichokuwa kinamla. Alikuwa ameenda Nairobi kuhojiwa kwenye kiwanda cha dawa. Walimpenda. Walimwambia wana nafasi mbili na achague mwenyewe, awapigie simu Jumatatu ijayo.

"Nafasi ya kwanza," alisema, "ni ya kuuza. Unapewa gari na mkoba. Unazunguka Karatina, Nyeri, Nanyuki mpaka Meru, unawaeleza madaktari habari za dawa za kampuni."

"Gari?"

"Gari."

"La kwako? Unakuja nalo nyumbani?"

"Unalala nalo ukitaka. Sikiza basi. Nafasi ya pili ni ya maabara, kiwandani. Unakaa kwenye chumba unapima vidonge."

"Unavipima uzito?"

"Uzito, ugumu, vina dawa kiasi gani ndani, vinayeyuka kwa muda gani. Kila rundo linalotengenezwa. Ukisema hapana, halitoki."

"Na hapo unapewa gari gani?"

"Unapewa koti jeupe."

Kisu changu kilisimama katikati ya kiazi. Koti jeupe hata mwenye bucha alikuwa nalo.

Ndipo akanifundisha, kwa viazi. Alivipanga kwenye sinia. Hiki ni yule anayetafuta dawa mpya, kwenye majani au kwenye vitu vya chupa. Hiki ni wale wanaoijaribu kwa panya, halafu kwa watu waliokubali. Hiki ni anayejua kuitengeneza nyingi, mapipa kwa mapipa, na kila moja iwe sawa na ya jana. Hiki ni mpimaji. Hiki ni anayeandika makaratasi mpaka serikali iseme sawa, iuzwe. Na hiki cha mwisho, kikubwa na kilichomenywa vizuri, ni wa mkoba na gari. Wote walisoma kitu kimoja na dada, aliniambia, na mtu anaweza kuanza kwenye kiazi kimoja akamalizia kwenye kingine. Lakini watu wa nje humwona huyu wa mwisho tu.

"Mimi nitakuwa huyu wa kwanza," nilisema. "Nitagundua dawa ya kumfanya mtu aamke mapema akiwa na furaha."

"Kemia ulipata D."

"Nilikuwa nimekaa karibu na dirisha."

Alicheka, na nilifurahi kwa sababu hakuwa amecheka tangu Nairobi. Nikamuuliza yeye anataka kiazi gani. Mkono wake ulikuwa umeshika kile cha nne, cha mpimaji, na alikuwa amekishika muda mrefu.

Nikajua. Dada yangu ni mtu wa haya. Akiongea na mtu asiyemjua shingo inaota madoadoa mekundu. Kumtuma aingie kwa madaktari kila siku na mkoba, acheke, asifu dawa, ilikuwa kama kumtuma konokono apige debe. Lakini akichagua maabara, atawaambiaje watu? Walichanga wapate daktari. Kuna wazee hata waliacha kunywa chai na maziwa mwezi ule. Sasa waambiwe binti yao amejificha Nairobi kwenye chumba anatazama vidonge vikiyeyuka?

Na kulikuwa na Baba. Baba alisikia neno gari kupitia ukuta wa mbao, na kufikia kesho yake kituo kizima cha majani chai kilikuwa kinajua. Mwenyekiti alikuwa tayari amelipangia kazi. Litabeba wagonjwa. Litabeba maharusi. Siku za mvua litamtoa yeye mwenyewe barabara kuu.

"Ni gari la kampuni, Baba," dada alisema.

"Kampuni si inalala Nairobi? Gari litalala hapa."

"Na kama nikichukua ile nyingine?"

Baba hakukasirika. Ingekuwa afadhali. Alivua kofia, akaitazama ndani, akaivaa. "Mimi ndiye ninayekutana nao kila siku kule chai," alisema. "Wewe utakuwa umeenda. Mimi nitawaambia nini?"

Dada usiku ule hakula. Mama alimwambia aombe. Mimi niliona maombi yanahitaji kusukumwa kidogo.

Kamati ilikuwa inakuja Jumamosi kusikia uamuzi. Kamati maana yake mwenyekiti, wazee wawili wa kutikisa kichwa, na Cucu, ambaye hakuwa mwanakamati lakini nani angemfukuza. Asubuhi yake nilimuuliza dada, "Hivyo vidonge mnavipimaje kuyeyuka?"

"Kuna mashine. Ina kikapu kidogo cha wavu, kinapanda na kushuka ndani ya maji yenye joto la mwili."

"Kama kichungi cha chai?"

Alinitazama. "Kama kichungi cha chai."

"Basi leo kamati itaona kazi yako."

"Wewe una wazimu."

"Nina vichungi viwili. Cha tatu nitaazima."

Kamati ilipofika, ilikuta meza nje, na mezani gilasi tatu kubwa zenye maji ya vuguvugu. Dada alikuwa ameyapima kwa kiwiko, kama ya kuogesha mtoto. Kwenye kila gilasi kulikuwa na kichungi cha chai. Mwenyekiti alifikiri ni chai ya aina mpya, akaomba sukari.

"Si ya kunywa, mzee," nilisema. "Leo kuna mbio."

"Mbio za nini?"

"Za vidonge. Vidonge vya kichwa. Hiki kimetoka zahanati. Hiki nimenunua kwa duka la dawa mjini. Tunakosa cha tatu. Hakuna mtu ako na dawa ya kichwa?"

Nilijua nani alikuwa nayo. Mwenyekiti aliingiza mkono ndani ya koti akatoa karatasi iliyokunjwa, na ndani yake kulikuwa na vidonge vyekundu kama damu. Alikuwa akivinunua Kiriaini siku ya soko, kwa mtu mmoja aliyepita na kikapu, na alikuwa akivisifu mpaka kwa watu wenye afya.

"Hii yangu ni moto," alisema. "Hii ndiyo wanajeshi wanatumia. Mniambie, atakayeshindwa atafanya nini?"

"Atabeba mtungi wa maziwa wa mshindi mpaka kwa lori la maziwa," alisema Cucu haraka. Miguu yake ilikuwa inamsumbua. Akachagua cha zahanati. Wazee wawili wakatikisa kichwa na kuchagua cha duka.

Dada alikuwa na yale madoadoa shingoni. Lakini alipoweka kidonge cha kwanza kwenye kichungi, niliona mikono yake ikitulia. Akatueleza: kila mtu ashike kichungi, apandishe na kushusha polepole, sawasawa, bila kugusa chini, kama tumbo linavyofanya. Baba alipewa saa.

"Tayari," nilisema. "Haya!"

Nimeona watu wakishangilia mpira, lakini sijaona wazee wakiinama juu ya gilasi hivyo. Cha zahanati kilianza kutoa moshi mweupe majini karibu mara moja.

"Kinakimbia! Kinakimbia!" alipiga kelele Cucu.

"Cucu, usitikise! Unakisaidia!"

"Nani anatikisa? Ni uzee!"

Muda si muda kichungi chake kikabaki kitupu na maji yakawa kama ya kuosha mchele. Cha duka kilipasuka vipande viwili, vikagoma kidogo, kisha vikaisha. Wazee wawili wakapeana mikono kwa kushika nafasi ya pili.

Mwenyekiti aliendelea kupandisha na kushusha. Rangi nyekundu ilitoka yote. Kidonge kikabaki cheupe, kizima, na mng'ao wake. Mama alileta chai. Tulikunywa. Mwenyekiti alikunywa kwa mkono wa kushoto, wa kulia ukipandisha na kushusha. Mama akaleta viazi vitamu. Baba akatazama saa, akaacha kuitazama. Mwishowe dada alikitoa kidonge kwa kijiko, akakigonga kwenye sahani. Kililia, ting, kama kokoto.

Kamati nzima iliinama kukitazama.

"Mnaona?" alisema mwenyekiti. "Nguvu! Hizo zenu zimekufa mara moja. Hii inakaa tumboni inafanya kazi siku nzima!"

Hata Baba alicheka mpaka akashika kiti. Dada alingoja kelele ipungue. Kisha akasema, kwa sauti ile yake ya chini, "Mzee, haifanyi kazi. Inaingia na inatoka vile ilivyo."

"Lakini mimi napona."

"Kichwa hupona chenyewe pia."

"Na huyo mtu wa Kiriaini ana watoto, angenidanganyaje..."

"Wewe umekuwa ukimeza changarawe," alisema Cucu, "na umeendesha kamati yetu miaka hii yote."

Wazee wawili, kwa mara ya kwanza, walisahau kutikisa kichwa. Cucu alichukua kile kidonge akakigeuza kwenye kiganja chake kilichojaa nyufa za chai. Hakuwa anacheka tena. Alikuwa na mjukuu mdogo nyumbani mwenye homa za mara kwa mara, na sisi sote tulijua.

"Mtu anajuaje," aliuliza, "kabla ya kumpa mtoto? Mimi sina hii mashine ya chai nikienda kununua."

"Kuna mtu anatakiwa kuwa ameshajua kabla haijafika dukani," alisema dada. Akavuta pumzi. "Hiyo ndiyo kazi nimeitiwa. Si ile ya gari. Ni hii. Nitawapigia simu Jumatatu, na nitasema nataka hii."

Niliyatazama madoadoa. Yalikuwepo, mekundu kuliko siku zote, lakini alikuwa amesema.

Mwenyekiti aliukunja ule mfuko wake wa karatasi akaurudisha kwenye koti. "Kwa hivyo gari hakuna," alisema.

"Hakuna."

"Hata dogo?"

"Hata dogo, mzee."

Baba aliinuka akaenda zizini. Dada alitaka kumfuata, Mama akamshika mkono. Tulimsikia huko akiongea na ng'ombe, lakini maneno hatukuyasikia, na aliporudi alisema tu kwamba majani ya ng'ombe yamepungua.

Jumatatu tulishuka mjini Nyeri mimi na dada, tukapanga foleni kwenye kibanda cha simu karibu na posta. Nilishika sarafu. Yeye alisema maneno matatu hivi ya Kiingereza, akasikiliza, akasema asante, akakata. Nje alinikumbatia katikati ya watu, jambo ambalo kwetu hufanyiwa mtu aliyefiwa, na mama mmoja akatuambia poleni.

Nilidhani mambo yameisha. Kumbe kijiji kilikuwa kinafanya hesabu tena.

Ilianzia kituo cha chai. Mtu alimuuliza Baba binti yake atafanya nini hasa huko Nairobi, na Baba, ambaye alikuwa na siku mbili za kutafuta maneno, alisema, "Hakuna dawa utakunywa kabla yeye hajaijua." Lilikuwa jibu zuri. Mpaka lilipofika kanisani lilikuwa limebadilika: hakuna dawa utakunywa kabla yeye hajainywa.

Jumapili iliyofuata kikohozi langoni kilikuwa cha namna nyingine. Waliingia wamebeba maziwa. Chupa, vibuyu, mtungi mdogo wa plastiki. Kwetu mtu akimeza sumu hupewa maziwa, na hapa kulikuwa na msichana anayeenda kumeza dawa zote za Kenya, moja baada ya nyingine, ili wengine wapone. Wamama walimshika mashavu. Mmoja alilia. Hakuna hata mmoja aliyetaja mgongo wala jino, maana nani angemsumbua mtu aliye na mzigo kama huo?

"Sitakuwa nameza," dada aliwaambia. "Ni maji. Ni mashine."

"Ndiyo, ndiyo," walisema, kama mtu anavyomjibu mgonjwa. "Kunywa maziwa, mwanangu."

Mwenyekiti naye alikuja, mikono yake ikinuka mtungi wa Cucu, kwa sababu alikuwa ameubeba wiki nzima bila kulalamika. Asubuhi yake kanisani alikuwa amesimama mbele ya watu akatoa sala ndefu ya kumwombea shujaa wetu. Safari hii hakuhitaji kipaza sauti.

Mimi ningeweza kuwasahihisha. Nilikuwa na sauti, na nilikuwa nimeona viazi kwenye sinia. Lakini nilimtazama Baba kwenye kiti cha mbele, mgongo wake ulivyonyooka, nikaamua ukweli unaweza kufika kwa miguu, taratibu, wala hauna haraka.

Dada alienda Nairobi na mtungi wa maziwa, ambayo yaliganda njiani akawapa wenzake wa nyumba. Mwanzoni alisema anapima tu. Baadaye alisema wamemweka afundishwe na yule wa mapipa. Alikuwa anahama kiazi. Mimi nilibaki na chai, ng'ombe na mipango yangu ya dawa ya kuamka na furaha. Watu waliniuliza kila mara kama bado yuko hai, nami nilisema yuko, na amenenepa.

Kisha nikapata homa, msimu wa baridi, ukungu umeshuka mpaka mlangoni. Kila mtu alikuwa shambani. Mama alikuwa ameniachia vidonge viwili alivyonunua mjini. Nikageuza pakiti yake, na nyuma nikaona jina la kiwanda cha dada, kwa herufi ndogo za bluu. Nikaketi kitandani, blanketi kichwani. Nikatoa kidonge kimoja nikakiweka kiganjani, cheupe, hakina hata alama ya kidole. Huenda hakikupita mbele yake. Viko vingi. Lakini nyumba ilikuwa tupu, na hakuna aliyekuwa akinitazama.

"Pole na safari," nilikiambia, kisha nikakimeza.